Jani Lisilo na Mwenzake

Jumatatu, 3 Machi

Msumari,

Maktaba yetu ya programu ina kasoro, nami nimekuficha jambo hilo kwa miaka yote uliyoitunza. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Ndivyo ilivyokuwa katika barua zangu mbili zilizopita, zile nilizokuuliza habari za watoto na mvua.

Utanisamehe mwandiko. Daktari amenikataza kioo cha kompyuta tangu jicho la kushoto lilipozima, na kwenye simu nasikia nusu ya kila neno, hivyo tumerudi kwenye karatasi. Mkwe wangu ataipeleka hii kwenye gari la vifurushi.

Juzi alinisomea gazeti. Muuguzi mmoja anashtakiwa kwamba alimchoma mgonjwa dawa kali ya maumivu mara mbili badala ya mara moja, na mgonjwa akafa. Baraza la wauguzi litamsikiliza tarehe 24. Mtaalamu aliyeitwa na hospitali kutoa ushahidi ni wewe. Gazeti limenukuu ripoti yako: “Kama mstari wa pili ungeongezwa baada ya zamu kufungwa, mzizi ungebadilika. Mzizi haukubadilika. Kwa hiyo mistari yote miwili aliiandika mwenyewe kabla ya kufunga.”

Maneno hayo ni yangu. Nilikufundisha mimi, kwenye ubao wa kile chumba chenye feni iliyokuwa ikilia kama paka. Si kweli, Msumari.

Niruhusu nikueleze kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, maana ni huko huko mwanzoni nilikokosea. Kila mstari wa kumbukumbu tunaupitisha kwenye hesabu inayoutolea alama yake, hashi. Ukigusa hata nukta moja ya mstari, alama inakuwa nyingine kabisa. Alama hiyo tunaiita jani. Majani mawili tunayaunganisha na kuyapitisha tena, tunapata tawi. Matawi mawili vivyo hivyo, mpaka ibaki alama moja juu ya zote, ambayo sisi kwa ukaidi wetu tunaiita mzizi. Mzizi huo ndio muhuri. Hospitali huutoa zamu inapoisha na kuuhifadhi mbali na mashine.

Sasa majani yakiwa matatu? La tatu halina mwenzake. Mimi nililiunganisha na lenyewe. Ilikuwa njia fupi na nilikuwa na haraka. Lakini mtu akija baadaye akaurudia mstari wa tatu, ukawa wa nne, mti unaotokea ni ule ule. Mzizi ni ule ule. Muhuri unakubali.

Kwa hesabu ya gazeti, zamu ya yule binti muuguzi ina mistari witiri, isiyogawanyika kwa mbili, ukiuondoa ule uliorudiwa. Sindano ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kukabidhi wodi. Gazeti linasema mtandao wa hospitali ulikatika jioni hiyo. Kishikwambi chake kilituma mstari, kikadhani haukufika, mtandao uliporudi, zamu ikiwa imekwisha kufungwa, kikatuma tena. Hakuna mchawi hapo.

Usiende kusema ulichoandika. Jaribu kwanza.

Mwalimu wako


Ijumaa, 7 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, na sikukaa mpaka nilipowasha mashine. Ulisema nijaribu, nimejaribu. Nimechukua mistari mitatu, nikaurudia wa tatu. Maktaba imekataa, tena kwa ukali: “Jani limerudiwa.” Nikajaribu mitano. Imekataa. Nikajaribu orodha ndefu mpaka macho yakaniuma. Imekataa zote. Wenzangu wamecheka, wanasema Babu Mti ameanza kuuogopa mti wake.

Mwalimu, usinikasirikie. Mama yangu alipougua alikuwa akinituma jikoni nikazime jiko tulilokwisha kuliuza zamani. Alikuwa na uhakika kabisa, anasikia mpaka harufu. Dawa hizi mnazopewa zinachezea akili za watu. Wewe umelibeba hili jambo la maktaba kwa miaka mingi. Si ajabu likija usiku kukusumbua.

Yule muuguzi namhurumia. Nimemwona mara moja kwenye korido ya baraza, amekaa ameshika mkoba kwa mikono miwili kama anayeogopa kuporwa. Lakini dawa ile inatoka kabati moja linalotumiwa na wodi mbili, chupa zinachukuliwa na kurudishwa, hakuna wa kuzihesabu. Kilichobaki ni kumbukumbu yetu peke yake. Na marehemu naye ana watoto.

Ripoti yangu iko mezani kwa baraza. Nikiiondoa sasa, bila sababu, wataniuliza nimelishwa nini.

Pumzika. Kula. Msikilize mkweo.

Mwanafunzi wako mkaidi,
Msumari


Jumatatu, 10 Machi

Msumari,

Sijachanganyikiwa. Ingekuwa nafuu.

Imekataa kwa sababu nilikwisha kuliziba tundu. Fungua historia ya mabadiliko, mwaka ule ulipochukua kazi ya kuitunza maktaba. Utakuta badiliko la mtu anayejiita Kipanga. Maelezo yake: “Kupanga nafasi na kusafisha.” Ni mamia ya mistari iliyosogezwa kushoto na kulia tu, kazi ya kuchosha macho. Katikati yake ipo mistari michache isiyohusu nafasi hata kidogo. Hiyo ndiyo inayokuambia “Jani limerudiwa”.

Kipanga ni mimi. Nililifungua jina hilo kwa ajili ya siku hiyo moja.

Unajua kazi yetu ilivyo. Programu huria ni nyumba isiyo na mapazia. Kila mpita njia anaweza kuchungulia. Ukitaka kuficha kitu humo, huwezi kukiweka gizani, giza halipo. Unakiweka mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kupoteza muda kutazama.

Kasoro niliiona nikijiandaa kwa hotuba. Nilikuwa nachora mti kwenye karatasi kubwa, nikaishiwa wino kabla ya jani la mwisho, na katika kutafuta kalamu nyingine nikajiuliza lile jani lingekuwa nani. Nikakaa chini. Kesho yake nilisimama mbele ya watu wa wizara na wa mabenki, nikawaambia kile kile walichozoea kusikia, kwamba hakuna anayeweza kuongeza kitu mzizi usipige kelele. Walinipigia makofi. Ningewaambia nini? Kwamba Babu Mti ameanguka mtini?

Basi nikaziba kimya kimya. Kwenye tangazo la toleo jipya nikaandika kwamba ni usafi tu, hakuna haja ya haraka. Nilijiambia kila mtu atalichukua kwa wakati wake na tundu litajifia lenyewe. Hospitali ile ilibaki na toleo la kale. Ndiyo maana mstari uliingia.

Chukua toleo lililotangulia badiliko la Kipanga, ujaribu humo mistari yako mitatu.

Mwalimu


Alhamisi, 13 Machi

Mwalimu,

Nimejaribu. Mistari mitatu, kisha minne. Mzizi mmoja, herufi kwa herufi. Niliuchapa kwenye karatasi mbili nikazilaza moja juu ya nyingine dirishani, kama mtoto.

Unamjua aliyempitisha Kipanga? Nimeangalia jina. Ni langu. Ilikuwa wiki ya pili tangu uniachie mamlaka ya kupitisha mabadiliko. Ulipita mezani kwangu na kikombe cha chai mkononi, ukaniambia, “Msumari, kuna mtu kajitolea kusafisha nafasi. Pitisha tu, usijichoshe.” Nikapitisha. Nilijisikia mkubwa siku ile, kwa sababu Babu Mti ameniamini. Nilimpigia simu mama yangu.

Sasa kila anayefungua historia ataona mambo mawili: Kipanga asiyejulikana, na mimi ninayejulikana.

Ripoti nimeiondoa. Nilikwenda mwenyewe kwa mwanasheria wa hospitali. Alinisikiliza akizungusha kalamu, kisha akaniuliza, “Mama mtaalamu, mwezi uliopita ilikuwa haiwezekani, mwezi huu inawezekana. Mwezi ujao itakuwaje?” Nikamwambia kasoro iko kwenye toleo la kale. Akasema vizuri sana, na sisi tuna toleo jipya. Nikamwambia sasa hivi mnalo. Jioni ile mlikuwa na lipi? Akasema utaratibu wao ni kuweka kila toleo linapotoka. Mashine ya wakati ule iliondolewa baada ya kifo kile na kufutwa. Fundi aliyekuwa akiisimamia alifariki kabla ya hapo, na waliomfuata wanasema waliikuta hivyo, hawajui ilikuwa na nini. “Tuthibitishie kwamba tulikuwa na la kale,” akaniambia, “tutamwachia muuguzi wako leo hii.” Akanifungulia mlango.

Kwa hiyo kila kitu kinasimama hapo. Baraza halitapima hesabu zetu. Litauliza jioni ile lilikuwepo toleo gani.

Nimeisoma tena barua yako. Umeandika, “Hospitali ile ilibaki na toleo la kale.” Hukuandika “huenda”. Mwalimu, mimi nakujua wewe na “huenda”. Uliwahi kunirudishia kazi nzima, kurasa zote, kwa sababu nilisema jambo kwa uhakika nisiokuwa nao.

Unajuaje?

Msumari


Jumapili, 16 Machi

Dada Msumari,

Hatujawahi kuonana. Mimi ndiye mkwe, yule anayepeleka bahasha kwenye vifurushi. Huyu mzee ni baba mkwe wangu, lakini kwa miaka hii namwita baba na inatosha.

Barua yako nilimpa juzi asubuhi akiwa amekaa vizuri, nimemnyoa, anatania kwamba nimemfanya bwana harusi. Alipomaliza kusoma aligeukia ukutani. Mpaka sasa ninavyoandika bado ameelekea ukutani. Chakula hataki. Dawa namchanganyia kwenye maji bila kumwambia, na yeye anajua, ananywa bila kuniambia kwamba anajua. Ndivyo tunavyoishi.

Jana aliomba karatasi. Nikampa. Akaandika mstari, akachana. Akaomba nyingine. Nikamwambia, “Baba, karatasi haziokotwi.” Akasema, “Nipe moja ya mwisho.” Hiyo nayo akachana, vipande vidogo vidogo, akaniambia nivitupe chooni, si kwenye pipa. Nikamwuliza, kwani umeandika matusi? Hata hakucheka, na utani wangu huwa anaucheka hata ukiwa mbovu.

Leo ameniita akasema nikuandikie hivi, na naandika kama alivyosema: “Mwambie nilikisia. Hospitali hazina haraka, nikakisia walibaki na la zamani. Sina zaidi.”

Nimeshaandika alichosema. Sasa naandika changu, yeye hajui. Dada, mimi miti yenu siijui. Nimeuza vitambaa maisha yangu yote. Lakini nimekaa dukani muda wa kutosha kumjua mtu anayesema “sina zaidi” huku amekalia mzigo. Alipokuwa akinitamkia hayo alikuwa ameshika ukingo wa kitanda mpaka vidole vimebadilika rangi.

Daktari alikuja jana. Amesema moyo umechoka na tusipange mambo ya mbali. Kama una la kumwuliza, uliza sasa. Lakini usimpigie kelele, tafadhali. Mimi ndiye ninayebaki naye.

Mkwe


Jumanne, 18 Machi

Mwalimu,

Mkweo ameniandikia kwamba ulikisia. Sikupigii kelele. Nakueleza tu nilikokwenda jana.

Nilimtafuta yule muuguzi. Wamemsimamisha kazi, anakaa na dada yake kwenye chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwanga wa kuchomelea unaingia dirishani kila mara, na kila ukiingia anafumba macho. Viatu vyake vyeupe vya kazini viko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, vimeoshwa.

Nilimweleza kila kitu. Jani, tundu, toleo la kale. Nilimchorea. Nilitegemea atalia, au atanitukana, nilijiandaa kwa yote mawili. Aliutazama mchoro kwa adabu. Kisha akasema, “Asante, dada. Lakini nadhani nilichoma.”

Nikamwambia hakuna ushahidi kwamba ulichoma mara ya pili.

Akasema, “Mwanzoni nilikuwa na uhakika. Nilimchoma mara moja, nikaandika, nikaenda kunawa. Sasa nikifumba macho najiona nikirudi kitandani kwake. Nauona mkono wangu. Naona mpaka alivyokunja uso.”

Dada yake alikuwa akipanga vyombo pembeni, akavigonga chini. “Hayo ndiyo tunayolala nayo na kuamka nayo! Hakuwahi kuniambia habari ya kurudi kitandani mpaka iliposomwa ile ripoti. Mashine imemfundisha!”

“Mashine haikosei,” akasema muuguzi.

“Mashine ya nani?” dada yake akamwuliza, na akanitazama mimi.

Yeye muuguzi ndiye aliyenijibia, kwa upole, kama anayenitetea. “Huyu dada aliandika kwamba niliandika mara mbili. Ni mtu wa kusoma. Hakunijua, angenionea kwa nini?”

Jumatatu anataka kukiri, Mwalimu. Mwanasheria wa hospitali amempelekea ujumbe kwamba akikiri watamwondoa kwenye uuguzi tu, hawatampeleka mahakamani. Anaona ni huruma. Anakwenda kukiri kitu ambacho kimeingia kichwani mwake kutoka kwenye tundu letu, na baada ya hapo atakiamini mpaka kufa.

Mimi nitasimama mbele ya baraza na kuwaeleza habari za Kipanga, na jina langu lilivyompitisha. Nimekwisha kuamua, hilo usilihangaikie. Lakini haitamsaidia. Watauliza swali moja: toleo gani? Nami nitasema sijui.

Kama ulikisia, niandikie kwa mkono wako kwamba ulikisia, nami nitaacha kukusumbua. Usimtume mkweo.

Msumari


Alhamisi, 20 Machi

Kwa binti yangu muuguzi,

Hunifahamu. Mimi ndiye niliyeiandika programu iliyotumika kufunga kumbukumbu za zamu yako. Watu wa kazi yangu huniita Babu Mti. Barua hii nimeiandika mara mbili kwa mkono wangu, nikazisaini zote mbili mkwe wangu akiona. Moja ni yako. Ya pili anaondoka nayo kesho alfajiri kuikabidhi kwa baraza, kwa sababu vifurushi siviamini tena na mwenyewe siwezi kusafiri. Nimemwomba jirani akae nami mpaka arudi. Mkwe amegombana nami kuhusu hilo, na ameshindwa.

Nakuandikia wewe kabla ya baraza kwa kuwa nimesikia unataka kukiri.

Wodini sikuwepo. Siwezi kuapa juu ya sindano, na mtu akikuambia kwamba mimi naweza, usimwamini. Ninachoweza kuapa ni kwamba ule mstari wa pili hausemi lolote juu ya mkono wako. Kabla ya kusomwa kwa ripoti ulikumbuka sindano moja, kuandika, na kunawa. Shika hapo. Huko kurudi kitandani unakokuona kumechorwa na mstari, na mstari ulipita kwenye tundu nililoliacha mimi. Yule dada aliyekuja kwako alisema kile nilichomfundisha. Alimpitisha Kipanga, ambaye ni mimi, kwa sababu nilisimama mezani kwake nikamwambia apitishe bila kusoma. Baraza likitafuta wa kulaumu kwa hilo, lisimtafute yeye.

Hospitali inasema huweka kila toleo jipya linapotoka. Jumapili nilimtuma mkwe wangu aandike kwamba nilikisia tu kuwa hili lililoziba tundu hawakuliweka. Nilimdanganya, na kupitia kwake nikamdanganya Msumari. Nilikuwa najua. Fundi wao wa wakati ule, yule aliyefariki, tulikuwa tukisalimiana mara kwa mara, na mpaka miezi yake ya mwisho alikuwa akiniambia mashine ya wodi bado iko na toleo lile lile la zamani, na kwamba ataliacha hivyo.

Baraza litataka kujua ni kwa nini fundi makini kama yule alikaa na toleo la kale. Ni swali la haki. Anastahili lijibiwe, kwa kuwa sasa hospitali inasema mambo juu yake naye hayupo kujitetea. Hakuwa mzembe. Alitaka kubadilisha.

Wiki ile toleo lilipotoka alinipigia simu. Nilikuwa nimekaa sebuleni, mke wangu akiwa hai bado, anashona kando yangu. Fundi alisema kuliweka toleo jipya itambidi azime mashine za wodi zote, wauguzi warudi kwenye karatasi, na mganga mkuu hataki usumbufu huo bila sababu. Sauti yake ilikuwa ya heshima, kama mtu anayeogopa kumpotezea mkubwa muda. Akaniuliza, “Mzee, humo ndani kuna jambo la usalama, au ni usafi tu kama lilivyoandikwa? Ukiniambia lipo, nazima leo.”

Nikawa natazama sindano ya mke wangu ikipanda na kushuka, mpaka fundi akadhani simu imekatika. Akaita, “Haloo? Mzee, unanipata?”

Nilikuwa nampata vizuri. Nikamwambia ni usafi tu, asizime kitu, abaki na lile alilonalo.

Mwandishi wa maktaba,
Babu Mti